Banda Aceh 2004: Tsunami, Waliopotea na Hukumu Zilizobaki

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ama baada ya hayo. Kila inapotokea ajali ya chombo baharini, maswali yanayotufikia ni yale yale. Maiti hajaonekana, je, aswaliwe? Mume alikuwemo chomboni na hayumo miongoni mwa waliookolewa, je, mke aanze eda lini? Baba na mwana wamekufa pamoja, nani amrithi nani? Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanayajua maswali haya tangu kuzama kwa Spice Islander karibu na Nungwi mwezi Septemba 2011, na Skagit mwezi Julai 2012. Badala ya kujibu moja moja, tumeona tueleze tukio ambalo maswali yote hayo yaliulizwa kwa pamoja na jamii nzima ya Waislamu, tena wenye kufuata madhehebu ya Imam Shafii kama walivyo wengi wa watu wa pwani yetu.

Mji na bandari yake

Banda Aceh (hutamkwa Acheh) uko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia, pale mto Krueng Aceh unapomwagika baharini. Ulikuwa makao ya usultani ulioanza mwanzoni mwa karne ya 16 na kufikia kilele chake zama za Sultan Iskandar Muda (1607–1636), pilipili manga ikiwa ndiyo bidhaa yake kubwa. Mahujaji wa visiwa vile walikusanyika hapo kungoja safari ya Bara Arabu, na kwa ajili hiyo mji na jimbo lake vikaitwa Baraza ya Makka. Mmoja wa wanazuoni wake, Sheikh Abdurrauf wa Singkil, aliyefariki mwaka 1693, ndiye mwandishi wa tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kimalei. Kaburi lake liko karibu na mdomo wa mto, na bahari ililifikia.

Msikiti Mkuu wa Baiturrahman nao una historia yake. Waholanzi walipouvamia usultani mwaka 1873 msikiti uliteketea kwa moto, na jenerali wao, Köhler, aliuawa hapo hapo. Waholanzi wenyewe wakaujenga upya kati ya 1879 na 1881 ili kuwatuliza watu, wakaweka kuba moja. Leo zipo saba.

Kufikia mwaka 2004 mji ulikuwa na wakazi takriban robo milioni. Bandari yake ya vivuko ilikuwa Ulee Lheue, mtaa wa ufukweni ambako watu walipanda boti kwenda Sabang. Jimbo lote lilikuwa vitani tangu 1976 baina ya serikali na wapiganaji waliodai kujitenga, na watu takriban 15,000 walikuwa wameshauawa.

Asubuhi ya Jumapili

Tarehe 26 Desemba 2004, mwezi wa Dhulqaada 1425, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi kwa saa za Aceh, ardhi ilitetemeka. Bamba moja la ardhi lilikuwa limezama chini ya jingine kwa karne nyingi huku pande mbili zikiwa zimekwamana. Asubuhi ile zikaachiana kwa urefu wa takriban kilomita 1,200, kutoka kaskazini ya Sumatra hadi visiwa vya Andaman. Kipimo kilisoma 9.1. Sakafu ya bahari iliponyanyuka, ilinyanyua na maji yote yaliyo juu yake.

Mtikisiko ulidumu dakika kadhaa. Nyumba zilianguka na watu wakatoka nje, wengine wakishukuru kwamba wamesalimika. Kisha bahari ikarudi nyuma na kuacha samaki wakirukaruka kwenye tope. Wapo walioteremka kuwaokota. Hakukuwa na king'ora wala tangazo la redio. Bahari ya Hindi wakati huo haikuwa na mfumo wa tahadhari ya tsunami.

Haikupita nusu saa, maji yalikuja. Upande wa magharibi, Lhoknga, yalipanda zaidi ya mita 30. Mjini yaliingia kiasi cha kilomita nne, yakiwa meusi, yamebeba magari, mabati, magogo na watu. Tishari la chuma la tani 2,600 lenye mitambo ya kuzalisha umeme, PLTD Apung 1, lililokuwa limefungwa Ulee Lheue, lilibebwa zaidi ya kilomita mbili hadi katikati ya makazi ya watu. Lipo hapo mpaka leo. Katika mtaa wa Lampulo, boti ya wavuvi ilikwama juu ya paa la nyumba, na watu 59 waliopanda humo wakaokoka.

Indonesia peke yake ilipoteza watu takriban 167,000, waliokufa na waliopotea, karibu wote wa Aceh. Kwa nchi zote 14 idadi hukadiriwa kuwa kama 230,000. Hapo Aceh watu nusu milioni hivi walibaki bila makazi.

Maiti na makaburi ya halaiki

Siku za mwanzo walionusurika walizika wenyewe. Lakini maiti walikuwa wengi kuliko walio hai wa kuwashughulikia, jua lilikuwa kali, maji safi hayakuwepo, na sanda zilitoka wapi? Malori yakaanza kubeba. Huko Siron, kwenye njia ya uwanja wa ndege, walizikwa zaidi ya watu 46,000. Ulee Lheue, kwenye kiwanja cha hospitali iliyobomolewa na maji, zaidi ya 14,000. Hakuna majina juu yao.

Wanazuoni wa Indonesia waliruhusu wazikwe bila kuoshwa wala kukafiniwa kwa sababu ya dharura. Hapa tufafanue, kwa sababu tunasikia makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba waliachwa bila kuoshwa kwa kuwa ni mashahidi. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaja aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini huyo ni shahidi wa Akhera. Asiyeoshwa wala kuswaliwa katika madhehebu ya Shafii ni shahidi aliyeuawa vitani. Aliyezama huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa kama maiti mwingine, hata kama alikaa majini siku tatu. Kule kulowa hakuhesabiwi kuwa ni josho. Kilichoondoa josho Aceh ni kushindikana kwake. Na josho likishindikana kwa kuwa mwili umeharibika, hutayamamishwa. Na hilo likishindikana pia, huzikwa.

Kosa la pili ni kusema kuwa basi hakuna swala. Qauli inayotegemewa kwa Mashafii ni kwamba maiti hutoharishwa kwanza ndipo aswaliwe, kwa hiyo aliyefukiwa au kuzama mahali asipoweza kutolewa na kuoshwa haswaliwi. Lakini wapo Mashafii wa baadaye walioipinga qauli hii, wakasema kwamba jambo jepesi haliporomoki kwa sababu ya lililo zito: ikiwa kuosha hakuwezekani, kuswali kunawezekana, na lengo la swala ya jeneza ni dua na shufaa. Sisi tunaona hili ndilo linalofaa kufanyiwa kazi katika maafa, na hatuoni busara ya kumwambia mama aliyepoteza watoto wanne kwamba hawana swala kwa kuwa bahari haikuwarudisha. Kumswalia asiyekuwepo lina asili katika swala ya Mtume (s.a.w.) juu ya Najashi.

Nani alitangulia?

Suala gumu kupita yote lilikuwa mirathi, na ndilo tunalotaka msomaji alishike vizuri.

Chukua mtu aliyekufa pamoja na mwanawe wa pekee, akabaki mke, ambaye ndiye mama wa mtoto, na kaka wa marehemu. Hakuna wazee waliosalia, na mtoto hakuwa na mali yake. Mtu ameacha kiwanja cha thamani ya milioni 24.

Ikithibiti kwamba baba alikufa kwanza, hata kwa dakika tano, mke anapata thumni, yaani milioni 3, na mtoto milioni 21. Mtoto naye akafa: mama yake anapata thuluthi ya zile 21, yaani milioni 7, na ami anachukua 14 zilizobaki. Mama amefikia milioni 10.

Isipojulikana nani alitangulia, basi kwa Maimamu Abu Hanifa, Malik na Shafii hakuna anayemrithi mwenzake. Kila mmoja hurithiwa na walio hai tu. Baba anahesabiwa hakuacha mtoto; mke anapata robo, milioni 6, na kaka milioni 18. Imam Malik amesimulia kuwa ndivyo walivyofanyiwa waliouawa katika vita vya Jamal, Siffin na Harra. Imam Ahmad, kwa qauli mashuhuri yake, yeye huwarithisha kila mmoja kutoka mali ya asili ya mwenzake, na kwa hesabu hiyo mama angerudi kwenye milioni 10.

Kwa hiyo tofauti ya milioni 4, kwa mwanamke aliyebaki bila mume, mtoto wala nyumba, imesimama juu ya ushahidi wa jirani kwamba alimwona mtoto ameshika mti baada ya baba kuchukuliwa. Dhana haitoshi. Kusema "baba alikuwa na nguvu zaidi, lazima alikufa mwisho" si ushahidi. Wala mtu asiongeze neno kwa kumhurumia mjane, kwani upande wa pili huenda kuna mayatima wa yule kaka.

Kesi hizi zilipelekwa Mahkamah Syar'iyah, mahakama za sharia za Aceh. Zilikuwa zimeanzishwa mwaka 2003, chini ya miaka miwili kabla ya tsunami, na sasa zikakutwa na majengo yaliyobomoka na maelfu ya watu wenye haja.

Lilizuka pia suala ambalo watu wa Aceh huliita daraja lililokatika: mtoto aliyefiwa na baba kabla ya babu hapati urithi wa babu, kwa kuwa ami zake wamemzuia. Katika madhehebu yetu hilo ndilo hukumu, maadamu yupo mtoto wa kiume wa babu aliye hai. Sheria ya mirathi ya Kiislamu inayotumika Indonesia tangu 1991 inamruhusu mjukuu kusimama mahali pa mzazi wake, na wanazuoni wana maneno mengi juu yake. Njia isiyo na ubishi ni wasia: babu anaweza kumwusia mjukuu hadi thuluthi ya mali. Lakini babu ambaye maji yamemkuta saa mbili asubuhi hakuandika kitu. Na wangapi miongoni mwetu tumeandika?

Mke wa aliyepotea

Waliozikwa Siron hawakutambuliwa, kwa hiyo katika sheria wengi wao walikuwa "waliopotea". Katika qauli ya zamani ya Imam Shafii, akifuata hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.), mke wa aliyepotea hungoja miaka minne, kisha akakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Katika qauli mpya, hubaki kuwa mke mpaka ipatikane yakini ya kifo au talaka.

Yakini hiyo si lazima iwe maiti. Mashahidi waaminifu waliomwona akizama wanatosha, na kadhi anaweza kuhukumu kifo kwa dalili nzito. Mtu aliyekuwa nyumbani kwake Ulee Lheue asubuhi ile, mtaa wote ukasombwa, miezi ikapita na hakuna aliyemwona kambini, si sawa na aliyesafiri kutafuta maisha akanyamaza. Huko Aceh barua za wakuu wa vijiji zilisaidia sana, na mwaka 2007 serikali ilitunga sheria maalumu iliyoweka wazi kwamba mahakama inaweza kutangaza kifo cha aliyepotea kwa ombi la mwenye maslahi.

Kifo kikithibiti kwamba kilitokea tarehe 26 Desemba, eda inahesabiwa tangu siku hiyo, hata kama mjane amepata habari mwezi Machi. Mwenye mimba eda yake ni kujifungua. Na asiyekwenda kwa kadhi, akaamua mwenyewe kwamba "keshakufa" akaolewa, amejiweka katika hatari, kwani mume wa kwanza akitokea yu hai, ndoa ya pili haisimami.

Mayatima na viwanja visivyo na mwenyewe

Wiki za mwanzo zilienea habari kwamba watoto wangechukuliwa nje ya nchi. Serikali ikapiga marufuku mtoto wa chini ya miaka 16 kutolewa Aceh bila mzazi. Wengi walichukuliwa na jamaa, wengine na madrasa za bweni. Kumlea yatima ni katika amali bora kabisa, lakini habadilishwi nasaba wala hapewi jina la mlezi kana kwamba ni baba yake.

Jambo ambalo halijulikani sana ni mali ya yatima. Desturi, huko kama huku kwetu, ni kumkabidhi ami mtoto pamoja na kiwanja chake. Katika fiqhi ya Shafii ami hana usimamizi wa mali wa moja kwa moja. Baada ya baba ni babu, kisha aliyeusiwa, kisha kadhi. Ami akitaka kusimamia, akapewe na kadhi, ahesabu, na aandike. Fedha za misaada na za nyumba zilipoanza kuingia, watu wa Aceh waliona faida ya kuandika, na wengine hasara ya kutoandika.

Ardhi ilikuwa mtihani wa peke yake. Mipaka ilifutika, sehemu nyingine zikawa bahari kabisa. Daftari za ofisi ya ardhi zililowa maji ya chumvi na tope. Ziligandishwa kwa baridi na kupelekwa Jakarta kukaushwa ukurasa kwa ukurasa. Kijijini kazi ilifanywa na majirani: walionusurika walisimama kwenye viwanja, kila mmoja akaonesha mwisho wake, wakakubaliana, wakatia saini. Na kiwanja ambacho mwenyewe na warithi wake wote wamekwisha? Hukumu ya asili ni kwamba mali isiyo na mrithi huingia Baitulmali, na sheria ya 2007 iliikabidhi Baitulmali ya Aceh kusimamia ardhi hizo. Ni nadra katika zama zetu kuona mlango huu wa vitabu vya mirathi, ambao wanafunzi huusoma na kuupita haraka, ukitumika mitaa kwa mitaa.

Je, ilikuwa adhabu?

Hili tunaulizwa kuliko mengine, na wanaouliza mara nyingi wanalo jibu tayari. Wametumiwa picha ya msikiti wa Lampuuk ukiwa umesimama peke yake, kijiji kizima kimelala, wakaambiwa: tazama, Mwenyezi Mungu ameinusuru nyumba yake na kuwaangamiza waasi.

Kuhusu msikiti, tunashukuru. Wa Rahmatullah huko Lampuuk ulisimama, Baiturrahim wa Ulee Lheue ulisimama ukitazama bandari iliyotoweka, na Baiturrahman ulipata nyufa lakini ukawa kimbilio. Mwezi uliofuata watu waliswali humo Idi ya Kuchinja. Ila misikiti mingine mingi ilianguka, na hiyo haipigwi picha. Wahandisi wanaeleza kwamba msikiti wenye nguzo nene na uwazi chini huacha maji yapite, ilhali nyumba ya kuta za tofali huyazuia na kubomoka. Kila sababu ni ya Allah, na kueleza sababu hakupunguzi kudra yake.

Kuhusu waliokufa, nani amekwambia? Waliokufa walikuwemo walimu wa Qur'ani na watoto wachanga. Tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria, ilimchukua Abu Ubayda bin Jarrah na Muadh bin Jabal (r.a.), na hakuna Muislamu mwenye akili anayesema waliadhibiwa. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba tauni ilikuwa adhabu kwa wengine na Allah akaifanya rehema kwa waumini. Tukio moja, watu mbalimbali, na daftari liko kwake. Mtu akitaka kuchukua tsunami kuwa ni onyo, alichukue juu ya nafsi yake. Kumhukumu aliyezikwa Siron bila jina, tena akiwa katika wale wanaotarajiwa shahada, ni kusema bila elimu.

Mawimbi yalipofika kwetu

Maji yale yale yalivuka bahari. Huko Hafun, Somalia, na pwani yake, walikufa watu takriban 300. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Aceh, walikufa watu wapatao kumi, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Kenya ilipata muda wa kuwaondoa watu fukweni na ikapoteza mtu mmoja. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi umeundwa baadaye, na nchi zetu zimo.

Lakini kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na chanzo cha tetemeko, chenye wakazi zaidi ya 70,000, kilipoteza watu saba. Mawimbi yaliwafikia kwa dakika kumi hivi. Hawakuwa na mtambo wowote. Walikuwa na neno moja, *smong*, waliloachiwa na mababu baada ya tsunami ya mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Bibi aliwaimbia wajukuu, na wajukuu wakakimbia.

Tarehe 15 Agosti 2005 serikali na wapiganaji wa Aceh walitia saini mkataba wa amani huko Helsinki. Wakala wa ujenzi mpya ulifanya kazi hadi 2009 na nyumba takriban 140,000 zikajengwa. Na wavuvi wa Aceh, ambao kwa amri ya wakuu wao wa bahari hawavui siku ya Ijumaa, wameongeza siku moja katika mwaka. Kila tarehe 26 Desemba boti zinabaki gatini, na watu wanakwenda Siron na Ulee Lheue kusoma dua mbele ya uwanja wa majani, kila mmoja akikadiria tu kwamba huenda wake yumo.

Wallahu a'lam.